Maji Yaliyongoja Wakaguzi

Mzee Zihindula alikataa kuishi West Side. Wakongo wote wa Buffalo, hapa Marekani, wanaishi huko, kanisa liko huko, duka la sombe, yaani kisamvu, na dagaa liko huko, lakini yeye alisema amechoka kuishi karibu na watu, kambi ya wakimbizi ilimtosha. Akanunua nyumba ya mbao ya ghorofa moja upande wa kusini wa mji, yeye chini na mama yake na binti yake Sandrine, mimi mpangaji wake juu. Ndiyo maana Novemba ile ya 2014, West Side walipopata theluji ya kufagia kwa ufagio wa jikoni, sisi tulifungua mlango tukakuta ukuta. Mweupe, mrefu kuliko mimi, na alama ya kitasa cha mlango imejichora katikati.

Theluji siilalamikii sana. Theluji haina ofisi. Taabu ilianza ilipoyeyuka. Mwanzo wa wiki iliyofuata joto lilipanda, mvua ikanyesha juu yake, na maji yote yakaamua kuhamia kwenye besmenti yetu, chumba kilicho chini ya ardhi. Yalimeza mashine ya kufulia, yakameza masanduku ya nguo, yakameza hita inayopasha nyumba nzima. Hita ilitoa mlio kama wa mtu anayesafisha koo, ikanyamaza.

Mimi nikafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Nikaenda kanisani kuazima pampu, nikaileta kwa gari langu huku inanuka dizeli, nikaishusha mlangoni. Mzee Zihindula alikuwa ameweka kiti mbele ya mlango wa besmenti, amekaa, amevaa koti na kofia ya sufi, miguu ameipanga kama askari wa benki.

"Rudisha hiyo kitu," akaniambia. "Hapa hakuna mutu anagusa maji. Batu ya serikali bakikuta mumesafisha, batasema hakukuwa shida."

Ili umwelewe inabidi ujue alikuwa nani. Kule kambini Uganda, miaka kumi na zaidi, alikuwa chef wa bloc, mkuu wa mtaa mmoja wa kambi. Upepo ukibomoa vibanda, yeye ndiye aliyezunguka kuwaonya watu: usiinue mti, usikunje turubai lililochanika, usifagie, ngoja wakaguzi waje waone kwa macho. Familia zilizojifanya hodari zikajenga upya usiku huo hazikuandikwa. Zilizolala juu ya matope ziliandikwa, zikapata turubai jipya na sabuni. Bloc yake ilipata kuliko bloc zote. Watu walimheshimu kwa hilo, na kusema kweli alistahili. Alichojua kuhusu msaada alikijua vizuri. Ila alikijua mahali pengine.

Pampu ikakaa kwenye ngazi yangu, nikawa naikwepa kila nikienda kazini.

Sandrine, ambaye Kiingereza chake kinapendwa na ofisi, akapiga simu kutwa nzima. Mji ulisema hilo ni la kaunti. Kaunti ikasema toa ripoti, sisi tunajumlisha hasara, zikifika kiwango jimbo litaomba msaada. Jimbo likasema limeshaomba, linangoja Washington. Namba ya Washington ikamchezea muziki, kisha sauti ya upole ikamuuliza kama ameshazungumza na mji wake. Aliweka simu mezani, akamwambia baba yake jambo kwa Kiingereza, na sitaandika alichosema kwa sababu bibi yake alikuwepo.

Mzee hakutikisika. "Ni vile vile," akasema. "Hata kule balikuwa banatupiana kazi hivi. Mwenye kungoja ndiye anapata."

Mwenye kungoja kweli alikuwa Koko, mama yake. Mwanamke wa miaka themanini na kitu, kifua kibovu, amekaa jikoni mbele ya oveni iliyoachwa wazi, vitenge vitatu chini ya koti la kiume. Tulimletea hita ndogo ya umeme. Kila tukiichomeka, taa za nyumba nzima zinazimika. Siku ya tatu kikohozi chake nilikisikia kutoka juu, kupitia sakafu. Na kwa Zihindula hakukuwa na jambo kubwa kuliko hilo. Yeye ndiye mtoto wa kwanza. Kwao mama analala kwa mkubwa, na mkubwa anayeshindwa kumlaza mama yake, hata kama hakuna atakayemwambia kitu, anajua watu wanafikiria nini wakimpa mkono.

Saa kumi na mbili jioni tuna mstari wa maombi kwa simu. Unapiga namba, unaingiza namba ya siri, unajikuta na Wakongo wa majimbo sita, nusu yao wanakaanga kitu. Mwenye mstari ni Pasta Kataliko wa Louisville. Jioni ile aliomba tuiombee nyumba ya Buffalo, na kabla hajafika amina akaongeza kwamba kwa maoni yake hii ni kazi ya mji. Mji ndio uliochimba mitaro, mji ndio unaoijua barabara yako, mkubwa wa mji unaweza kumkuta dukani ukamuuliza. Washington itaijuaje besmenti ya Zihindula?

Mugisho akadakia kutoka Columbus. Huyu ni mdogo wake Zihindula, anaishi mtaa wa Linden, anapakia mizigo kwenye ghala upande wa Gahanna. Akasema yeye kila akipokea cheki ya mshahara anaona federal, serikali ya Washington, imeshajichukulia kodi kabla hata hajanusa, mji unachukua makombo tu. Basi anayekula nyama abebe na mifupa. Pasta akajibu kwamba federal ikilipa kila kitu, hakuna mji utakaozibua mtaro tena. Mama mmoja akasema Yesu ni mmoja. Mtu mwingine akasahau kufunga sauti, tukasikiliza watoto wake wakigombania rimoti. Mjadala ulimaliza muda wa maombi wote, na nakiri ulikuwa na akili kuliko mingi ninayosikia kwenye televisheni, ila maji yalikuwa yameongezeka ngazi moja.

Mwishoni Mugisho akamwambia kaka yake, "Yaya, hiyo mambo ya serikali tuiache. Mama anakohoa, ninamusikia. Kesho kutwa sina kazi. Ninakuja kumuchukua."

 Zihindula alikata simu, akarudi kwenye kiti chake.

Mugisho alikuja kweli, gari linapuliza joto hadi madirisha yamejaa ukungu. Koko hakuaga kwa maneno mengi. Alimtazama mwanawe mkubwa, akaangalia mlango wa besmenti, akasema, "Mugisho ana moto," kama mtu anayesema Mugisho ana mke. Zihindula alibeba begi lake mwenyewe hadi garini, akalipanga vizuri nyuma ya kiti, akalipanga tena. Gari lilipoondoka alibaki barabarani akiangalia theluji iliyogeuka uji wa kijivu.

Mkaguzi alikuja Jumatatu yake. Mwanamke mmoja mwenye buti za mpira na uso wa mtu aliyeona besmenti nyingi. Zihindula alivaa tai. Alimfungulia mlango kwa fahari, kama anamwonyesha ng'ombe. Maji yalikuwa pale, yote, hata tone halikuibwa. Ukutani, juu ya maji, kuvu lilikuwa limepanda hadi mabegani mwa mtu, la kijani na jeusi.

Mwanamke akauliza swali moja, na Sandrine akalitafsiri akiangalia sakafu: kwa nini hamkuyatoa?

Zihindula akaeleza. Akaeleza upepo, turubai, bloc. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema kwa upole kwamba hapa mtu anapiga picha, anatoa maji siku hiyo hiyo, ndipo anangoja. Kilichoharibiwa na mafuriko wanaweza kukizungumzia, kama Washington itakubali. Kilichoharibiwa na kungoja ni cha mwenye nyumba.

"Na nani alipashwa kutuambia?" Zihindula akauliza.

Mwanamke akafikiri. Akasema nadhani mji. Akasita. Au kaunti.

Alipoondoka, Mzee alivua tai, akapanda ngazi mpaka kwangu.  Alichukua pampu upande mmoja, mimi nikachukua upande mwingine. Kufika jioni vijana wa kanisa walikuwa wamekuja na ndoo na klorini, na Gakwaya, ambaye kazi yake ni kutengeneza hita, alikuwa amelala chali kwenye tope akiitukana mota kwa lugha ambayo haina matusi mengi, kwa hiyo alirudia yale yale. Hita iliwaka siku iliyofuata. Nyumba ilinuka soksi zilizochemshwa. Hatujawahi kunusa kitu kizuri hivyo.

Saa kumi na mbili tukaingia kwenye mstari. Pasta Kataliko alikuwa amejiandaa. Amesoma, anataja sheria, anasema wajibu unaanza chini na kupanda juu. Mugisho anasema hapana, unaanza juu na kushuka. Wakaenda hivyo mpaka ikasikika sauti ambayo kwa kawaida huwa haisemi kitu mpaka amina.

"Zihindula. Hita inawaka?"

"Inawaka, Mama."

"Bon. Huku kwa Mugisho kuna moto, lakini bana televisheni mpaka chooni." Akakohoa kidogo. "Sasa ni nani anakuja kunichukua? Serikali ya juu, ao ya chini?"

 Hata wa kukaanga waliacha kukaanga.

"Ni miye, Mama," Zihindula akasema. "Niko nakuja."

Kutoka Buffalo hadi Columbus ni saa tano kama barabara ina huruma. Mzee Zihindula hana gari, na mtihani wa leseni ameukataa mara mbili kwa sababu anaona maswali yake ni ya dharau. Nilisikia mlango wa chini ukifunguka, kisha ngazi, polepole, hatua za mtu anayetafuta maneno. Nilikuwa nimeshavaa viatu kabla hajabisha.