Nilivyowafundisha Nyani

Swali lililoninyima usingizi wiki nzima lilikuwa hili: je, ni mimi niliyemfundisha mama kuugua?

Mara mbili nilipata kazi, mara mbili sikwenda. Ya kwanza ilikuwa ofisi moja mjini Voi. Siku ya kuondoka mama alishika kifua, akasema moyo unamwenda mbio. Nikampima kwa mashine ndogo ya presha. Ilikuwa juu. Nikafungua begi, nikarudisha nguo kabatini, nikampikia uji. Jioni presha ikawa imeshuka. Ya pili ilikuwa Taveta, na mambo yakaenda vivyo hivyo, isipokuwa safari hii moyo ulianza kumwenda mbio wiki moja kabla. Sisemi alijifanya, mashine haidanganyiki. Na mimi pia, nilipokuwa nikirudisha zile nguo, nilipumua vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Hilo sikumwambia mtu.

Sasa ilikuwa imekuja ya tatu: kufundisha shule moja Njukini, niripoti Jumatatu. Barua niliificha chini ya godoro, kisha nikaenda kulinda mahindi kama kawaida.

Shamba letu liko mlimani juu ya Mwatate, limepakana na msitu, na nyani wa huko hawaogopi wanawake. Ndiyo maana mama hulinda akiwa amevaa koti na kofia ya marehemu baba. Mimi nami nilivaa koti hilo, lakini nyani dume mmoja alinisogelea, akanionyesha meno. Nikachuma hindi bichi, nikamtupia. Akaliokota, akaenda zake. Nikajiona mjanja. Kesho yake alirudi, na hakugusa shamba. Alikuja moja kwa moja mbele yangu, akaonyesha meno. Nikatupa mahindi mawili. Siku ya nne wadogo walikaa juu ya jiwe wakimtazama. Siku ya tano wao ndio walionionyesha meno.

Mama aliniletea chakula akawakuta wamekaa, wanasubiri. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwalimu, umewafungulia hoteli?"

"Nilitaka waondoke, mama."

"Si wanaondoka? Wakishashiba."

"Sasa nifanyeje?"

"Usiwape. Kesho watapiga kelele kuliko leo, maana wamezoea. Wewe vumilia. Ukiwapa siku hiyo, basi, umewamalizia shule."

Mambo hayo ya tabia na thawabu nilikuwa nimeyaandikia mtihani chuo cha ualimu, nikapita vizuri. Lakini nilimtazama mama akitupia nyani mawe, nikaona aibu kwa nilichokuwa nikifikiria juu yake. Nikakumbuka pia alivyowahi kunieleza kwamba aliacha kazi kwenye shamba la mkonge kwa sababu bibi, mama yake, aliugua kila alipotaka kushuka kwenda kazini. Hakuna aliyeniambia nifungue begi. Nilikuwa nimekua nikimtazama yeye asivyoondoka.

Jumamosi nilimwonyesha barua. Mkono wake ukaenda kifuani. Nikampima: juu.

"Unaona?" akasema.

"Naona."

Nilimpeleka kliniki. Daktari akasema aendelee na dawa zake, hakuna hatari. Nikampigia shangazi, dada yake baba, akakubali kuja kukaa naye. Kisha nikamwambia mama kwamba nitapiga simu kila siku saa moja jioni, awe mzima, awe mgonjwa.

"Na nikizidiwa?"

"Shangazi atakupeleka kliniki. Mimi nitapiga saa moja."

"Siku hizi una moyo mgumu."

"Sina, mama. Hata wangu unaenda mbio."

Nikajifunga ile mashine mkononi, nikabonyeza. Namba zangu zilikuwa juu kuliko zake. Alizitazama, kisha akaniambia nile kwanza.

Jumapili asubuhi moyo wake ulianza tena kwenda mbio, kwa nguvu kuliko siku zote, akalia. Vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye zipu ya begi. Nikaviondoa. Nikampa dawa, nikamshika mkono, nikakaa naye mpaka shangazi akaingia na kapu lake. Kisha nikabeba begi, nikaanza kuteremka. Kila hatua niliona ninafanya kosa, na sikugeuka.

Jumatatu niliripoti Njukini. Saa moja jioni nikapiga simu.