Ukuta wa Kutua Mizigo

Usiniulize habari za Bunda, rafiki yangu, maana nimetoka huko jana na bado sijapoa. Watu wananipigia simu kunipongeza: kwenu kumependeza! Kweli kumependeza. Malori ya kwenda mpakani Sirari yamehamishiwa barabara ya mchepuo, na ile barabara kuu iliyokata mji katikati imeng'olewa lami. Pamewekwa vitofali vyekundu, taa, maduka ya milango ya vioo na mabenchi ya chuma. Mwanzoni mwa mtaa kuna bango kubwa lenye picha ya watu wanaotembea: kijana na miwani, msichana na mfuko wa manunuzi, mtoto na puto. Niliitazama picha ile mpaka macho yakaniuma. Katika mji kama Bunda, hakuna hata mmoja aliyechorwa na mzigo kichwani.

Nilikulia pale pale, nyuma ya duka la fundi cherehani. Enzi hizo barabara ilikuwa nyembamba, magari ya kuhesabu, na watu walijipitia katikati bila wasiwasi. Asubuhi wanawake walikuja kwa miguu kutoka upande wa Guta na dagaa na sato wa kubanika, wengine wakatokea njia ya Nyamuswa na mtama na karanga. Uliwasikia kabla hujawaona, kila mmoja na kilugha chake, na Kiswahili kikiwashinda wanacheka wenyewe. Harufu ya dagaa ilitangulia, ikakutana na uji wa mtama uliokuwa ukichemka barazani kwa bibi.

Sasa wewe uliyezoea begi la mgongoni huenda hujui. Beseni likijaa sawasawa, huwezi kulitua peke yako. Unahitaji mtu wa kukutua na mtu wa kukutwika, la sivyo unasimama nalo mpaka Mungu alete mpita njia. Bibi aliuza dagaa maisha yake yote, na tulisimuliwa kwamba siku moja alimwambia babu, aliyekuwa mwashi, kuwa amechoka kuomba watu. Babu akamsimamisha mbele ya baraza, beseni kichwani, akapima pale bega lilipofika, akajenga ukuta wa mawe. Unausogelea, unakunja magoti kidogo, unainamisha shingo, beseni linateleza lenyewe juu ya mawe. Ukitaka kuondoka unalivuta taratibu mpaka likae kichwani. Humwombi mtu.

Wenzake nao wakataka pa kutua, babu akauendeleza ukuta ukawa mrefu, tena haukulingana. Mwanzo wake ulikuwa wa wanawake warefu, katikati wa kina bibi, halafu ukashuka, ukashuka, hadi mwisho kabisa kwa watoto wa kike. Huko mwisho ndiko nilikotua ndoo yangu ya kwanza ya maji. Nikawa nasogea kidogo kidogo kadiri nilivyorefuka. Fundi cherehani akiniona hakuniacha: "Wewe bado uko kwa watoto tu? Kula ugali!" Na nilikula, ugali wa muhogo na furu, vile visamaki vya ziwani, waliokaangwa mpaka mifupa inatafunika, nimekaa kwenye kivuli cha ukuta, mabeseni yamepangana juu yangu, wanawake wanakunywa uji na kupeana habari za nani kaolewa kwa ng'ombe wangapi. Siku niliyotua sehemu ya bibi, alinimiminia uji kwenye kikombe cha watu wazima. Nilijiona nimekuwa mtu.

Kisha wakaja watu wa barabara na kopo la rangi nyekundu, wakachora alama ya X kwenye mawe ya babu. Barabara inapanuliwa, walisema, haya ni maendeleo. Bibi akawauliza, "Na sisi tutakuwa tunatua wapi?" Wakacheka, wakidhani anatania. Katapila lilikula ukuta wote isipokuwa ile ncha ya watoto, iliyokuwa imejibanza kwenye kona ya duka la fundi. Lami ikafika mlangoni, mabasi yakaanza kupita kama yanafukuzwa. Mwenye beseni kichwani hawezi kugeuza shingo haraka. Hilo hata mtoto analijua, ila waliopanua barabara hawakulijua, au walilijua wakapuuza. Mama mmoja aliyekuwa akituletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, aligongwa akivuka kuja kwetu, akafa pale pale. Sisi watoto tuliokota michembe barabarani, maana hatukujua tufanye nini kingine. Mpaka leo michembe siili.

Bibi alipofariki tukahama pale barabarani, na mama akashika beseni la dagaa. Na hapa ndipo ninapochemka. Mama amezeeka, mgongo umepinda, amefupika. Ile ncha ya watoto, ambayo mimi mwenyewe niliiacha nikiwa bado shule ya msingi, ikawa saizi yake. Miaka yote hii ya malori na vumbi ametua pale. Mimi naishi Musoma, na kila nikimwambia apumzike hasikii. "Nikikaa nyumbani nitakuwa naongea na kuku," ananiambia.

Juzi nilimsindikiza. Nilitaka kumbebea, akakataa, akatangulia. Tulipofika kona ya fundi, ukuta haukuwepo. Jana yake ulikuwepo. Mahali pake palikuwa na udongo mbichi na miche ya maua iliyozungushiwa vitofali. Mama alisimama. Akageuka mwili mzima, taratibu, akitafuta. Watu walimpita huku na huku wakipiga picha. Benchi lilikuwepo, zuri, la chuma, usawa wa goti. Kutua pale lazima uchuchumae na beseni kichwani, na mama akichuchumaa hivyo hainuki.

Kijana msimamizi, mwenye kofia ngumu, akaja kwa heshima zake zote.

"Shikamoo bibi. Karibu ukae."

"Nikae na beseni?" mama akamjibu. "Tulikuwaga tunatua hapa. Ukuta wetu mmeupeleka wapi?"

"Haumo kwenye mchoro, bibi. Huu sasa ni mtaa wa watembea kwa miguu."

"Kwani mimi nakujaga na ndege?"

Watu wakacheka. Mimi nilimfokea kijana wa watu mpaka sauti ikanikauka. Najua si yeye aliyechora, lakini aliyechora hakuwepo nimfokee. Nilimwambia mtaa wa kutembea tulikuwa nao! Ulikuwa na kivuli, na uji, na pa kutua. Walipotaka mabasi walituambia sisi wa miguu tunazuia maendeleo, wakauvunja. Leo wamegundua kutembea ni kuzuri, wameurudisha mtaa, wamekata utepe, na sisi tuliokuwa tunatembea tumeachwa nje ya mchoro. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki.

"Mwanangu," mama akaniita. "Acha kelele. Nitue."

Beseni lilikuwa bado kichwani mwake. Nililishika, nikalishusha, nikaona shingo yake inatetemeka. Akakaa kwenye benchi lao, akafunga kanga yake upya, akayatazama yale maua.

"Kesho unarudi Musoma," akasema. "Nani atanitua?"

Kesho yake nilirudi Musoma, rafiki yangu. Nakuandikia asubuhi, saa ambayo mama huwa anaingia mtaani. Ndoo yangu ya kwanza, uji wa bibi, vicheko vya wanawake wa Guta, vyote vimekwenda na yale mawe, nami ningevililia polepole, kama watu wanavyolilia mambo ya zamani. Lakini mama hajaenda popote. Yuko pale kwenye kona ya fundi, amesimama na beseni kichwani, anasubiri apite mtu wa kumtua.