Mtani Wangu Alipoanza Kuniheshimu

Rafiki yangu ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo tulizaliwa watani. Hatukuchagua. Babu zangu walipita kwao na misafara wakielekea pwani, mizigo kichwani, ndiyo maana yeye huniita mpagazi, nami humwita mla nazi, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Ametengeneza pampu za maji hapa Tabora miaka mingi, na sikumbuki asubuhi hata moja aliyopita mbele ya duka langu bila kunisimanga.

Mpaka alipofariki baba. Msibani kwetu Itetemia alifanya kazi ya mtani kama ilivyo desturi. Alichimba kaburi, akapasua kuni, kisha akavaa koti la baba, akashika bakora yake, akachechemea katikati ya waombolezaji akiuliza kwa sauti ile ile ya marehemu, "Nani kaacha mlango wazi?" Baba aliuliza hivyo kila siku ya maisha yake, na mwenye kosa nilikuwa mimi. Watu walicheka huku wakijifuta machozi. Mimi nikapandwa na hasira.

"Toka hapa, huna adabu! Na huo mlango uufunge!"

Shangazi akanivuta pembeni. "Mtani hafukuzwi msibani, wewe. Umekuwa mgeni?"

Rafiki yangu alivua koti, akalikunja vizuri, akaondoka. Tangu siku hiyo akaanza kuniita kaka. Habari za asubuhi, kaka. Kazi njema, kaka. Baada ya miezi mitatu ya heshima nikaona nitaugua.

Ndipo nikamwomba anipeleke mtoni. Ana kayaki mbili, mitumbwi myembamba ya plastiki ya mtu mmoja mmoja, aliyoinunua mitumba Dar es Salaam, na kwa miaka yote nilikuwa nikimcheka: Mzaramo kaikimbia bahari, kaja na mitumbwi kwenye nchi ya vumbi. Sikuwahi kukubali kupanda. Safari hii nilikuwa na nia moja tu, kumpa kila sababu ya kunicheka mpaka ashindwe kujizuia.

Tulipita Kwihara kwa pikapu yake, tukaendelea kusini hadi mtoni. Mvua zilikuwa zimekata na maji yamepungua. Yalikimbia kwa kelele kwenye mawe, kisha yakatulia kwenye vidimbwi. Kutoka barabarani hadi ukingoni kuna mwendo kidogo. Nikakunja fulana nikafanya kata, nikajitwisha mtumbwi kichwani. Mnyamwezi, njia ya misafara, mzigo kichwani! Nilikuwa nimempakulia utani ukiwa wa moto kabisa.

"Angalia usijikwae, kaka," akasema.

Yeye aliteremka kwenye mawe kwa raha zake, akigusa maji kwa kafi kama mtu anayekoroga chai. Mimi niligonga jiwe la kwanza, nikagonga la pili, na kwenye la tatu mtumbwi ukakaa upande ukagoma.

"Egemea upande wa jiwe, kaka."

Nikaegemea upande mwingine. Hapo, naapa, sikuwa naigiza. Mtumbwi ukapinduka, nikamwagika majini, nikapiga kelele kwamba nakufa, jamani, nakufa.

"Simama, kaka," akasema kwa upole. "Maji ni ya magoti."

Nikasimama. Yalikuwa chini ya magoti. Nilimwona akiuma mdomo, mabega yakimtikisika, halafu akageuka akajifanya kutazama ndege. Nilimchukia wakati ule kuliko siku zote alizonitukana.

Mchana tulikaa juu ya mwamba tukala michembe niliyobeba, viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga. Nilikuwa nimelowa, kofia inachuruzika, na ujanja umeniishia. Ikabidi niseme.

"Siku ile nilikosea. Nilikuona umevaa koti la baba nikadhani kwa nukta moja ni yeye. Nikakasirika kwa kuwa hukuwa yeye. Baba angekuwepo, bakora ningekula mimi, siyo wewe."

Alitafuna mchembe, na mchembe mgumu hutafunwa muda mrefu. Nikafikiri basi, imekwisha, nitakufa nikiitwa kaka.

Akainuka. Akanivua kofia ile iliyolowa, akaivaa. Akaokota kafi, akaliegemea, bega la kushoto likashuka kama lilivyokuwa likishuka la baba, akachechemea juu ya mwamba hadi mwisho wake. Akasimama kunipa mgongo, akiutazama mto na pori na anga, mahali pasipo hata na ukuta.

"Nani kaacha mlango wazi?"

Ilikuwa sauti ya baba kabisa. Sikuwa nimemlilia baba vizuri tangu tumzike. Nilikuwa na shughuli ya kununa.

"Mimi, baba," nikasema.

"Nilijua," akasema, bado hajageuka. "Kaufunge. Halafu ubebe mitumbwi yote miwili mpaka kwenye gari, mpagazi we, maana maji yamekushinda hata ya kunawia miguu."

Nikabeba wa kwanza, nikarudi kuchukua wa pili, machozi yakinitoka mbele yake bila aibu, naye amekaa juu ya mwamba na kofia yangu kichwani, akimalizia michembe yangu.