Gari Lililokonda

Mtaani walimwita Pazia, na yeye aliitika. Kazi yake ilikuwa kushona mapazia na kuyatundika, na chombo chake cha kazi, mbali na cherehani, kilikuwa gari dogo la milango mitano, lile la mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu kama mdomo wa kiboko. Fimbo za mapazia zilipita katikati ya viti hadi karibu na kioo cha mbele. Marobota ya kitambaa yalilala nyuma. Asubuhi gari hilohilo lilimpeleka kazini mkewe, ambaye ni mkunga, likawapeleka watoto wao wawili shule, na siku za kliniki likambeba mama mkwe wake, aliyehamia kwao tangu macho yake yaanze kufifia. Lilikuwa gari la watu wote, na hakuna aliyelifikiria sana.

Aliyemponza ni mteja mmoja. Mteja huyo alikuwa na madirisha marefu kuliko ngazi ya Pazia, na ukutani kwake zilijaa picha za magari madogo yakikata kona, tairi moja hewani. Pazia akauliza, kumbe alikuwa anasubiriwa aulize. Mteja akamweleza kwamba Jumapili moja kila mwezi watu wa kawaida, wenye magari ya kawaida, hukutana kwenye uwanja wa ndege wa zamani nje ya mji, wakazunguka mmoja mmoja huku saa ikiwahesabia. Hakuna zawadi wala kubanana njiani.

"Ni wewe na muda wako tu," alisema. "Njoo na kagari kako. Kofia nitakuazima."

Pazia akaenda. Alizitoa fimbo garini akazilaza kwenye majani, akavaa kofia iliyombana masikio, akaingia njiani. Mzunguko wa kwanza aliogopa. Uliofuata akaogopa kidogo. Uliofuata huo akajikuta anacheka peke yake ndani ya kofia. Halafu, mwisho wa ile lami ndefu ya kurukia ndege, akakanyaga breki na pedali ikazama mpaka chini, laini, kana kwamba amekanyaga tope. Gari likapitiliza kona, likafyeka majani, likasimama limetazama lilikotoka.

Mwingine angeshukuru Mungu akarudi nyumbani. Pazia alirudi nyumbani amekasirika. Alikuwa mtu ambaye pazia likining'inia upande kwa upana wa kidole, hulishusha lote akaanza upya. Sasa pedali ilikuwa imemwacha katikati ya jambo, na jambo lenyewe lilikuwa tamu.

Kesho yake alikuwa gereji kwa Fundi Kimya, aliyeitwa hivyo kwa sababu maneno alikuwa nayo, ila hakupenda kuyatumia. Fundi akanusa magurudumu.

"Mafuta ya breki yamechemka," akasema.

"Yanachemkaje? Breki hizi nimezitumia miaka."

"Kwa kwenda sokoni."

Wakaweka mafuta yanayostahimili joto na pedi ngumu zaidi. Jumapili ya mwezi uliofuata pedali ilibaki juu siku nzima, na Pazia akarudi amevimba kichwa. Shida ilikuwa Jumatatu. Pedi zile zilitaka moto ndipo zifanye kazi. Zikiwa baridi zilipiga kelele mpaka watu wa mtaa wa pili wakajua mkunga amekwenda zamu.

"Unanifedhehesha," mkewe alimwambia mlangoni pa hospitali, huku walinzi wamegeuka wote. "Nashuka kama nimeletwa na mbuzi anayechinjwa."

Tangu hapo kila alichorekebisha kilifichua kingine. Breki ziliposhika, ikaonekana gari linalala mno kwenye kona. Akafunga springi fupi na ngumu. Springi zilipokaa, matairi yakaanza kulalamika. Akabadilisha matairi. Matairi yaliposhika lami, yeye ndiye akawa anateleza kitini, anajishikilia kwa usukani kama mtu anayening'inia dirishani. Kwa hiyo akafunga kiti cha mashindano, kile chenye mbavu ndefu pande zote mbili kinachokukumbatia usichomoke. Na kwa kuwa viti hivyo huuzwa kwa jozi tu, alifunga viwili, kushoto na kulia, vifanane. Mtu wa mapazia hawezi kuvumilia upande mmoja usiolingana na mwenzake.

Mama mkwe wake, ambaye hakuona vizuri lakini alisikia kila kitu, siku moja alipapasa mlango, akajiinamisha kuingia kiti cha nyuma, akasita.

"Mwanangu, hili gari limekonda?"

"Limeshuka kidogo tu, mama."

"Limeshuka, na mimi je, nitapandaje nikishashuka?"

Barabarani kila shimo lilipanda moja kwa moja hadi kwenye mgongo wa bibi. Hakulalamika. Alihesabu tu mashimo kwa sauti, na hilo lilimuumiza Pazia kuliko lawama.

Halafu ukaja uzito. Pale uwanjani walimwambia kila kitu kisicho na kazi ni mzigo, na yeye akaamini kama alivyoamini maneno ya mganga wa meno: hakuyapenda lakini aliyafuata. Shule zilikuwa zimefungwa, na mkewe, kwa aibu ya zile kelele, alikuwa ameanza kwenda zamu kwa basi. Akatoa kiti cha nyuma, akakiweka stoo. Akatoa zulia. Akamwambia Fundi Kimya ang'oe kiyoyozi.

Fundi akaweka spana chini. "Umefikiria?"

"Nimefikiria."

"Haya."

Hakuwa amefikiria. Joto lilipopamba moto, Pazia alikuwa akifika kwa wateja ameloa kama aliyetolewa mtoni. Alikuwa na kazi ya ukumbi mmoja mkubwa wa harusi, mapazia meupe marefu ya kitambaa chepesi, kazi ambayo angeionyesha kwa wengine miaka mingi. Bila zulia na bila kiti, robota lilisafiri juu ya bati tupu, na bati lilikuwa na tone la grisi ambalo hakuliona. Alipopanda ngazi na kukunjua kitambaa mbele ya mwenye ukumbi, doa jeusi likajitokeza katikati, limejirudia kila mkunjo, kama safu nzima ya nyayo za paka. Akajaribu kulifuta. Jasho la mikono yake likaongeza madoa mengine, ya kahawia.

Mwenye ukumbi hakupiga kelele. "Bwana, hebu shuka," alisema. "Shuka taratibu usishike tena chochote."

Pazia alikunja kitambaa chake akaenda kukaa garini, madirisha yote wazi, akaupiga usukani kwa kiganja mpaka kikamuuma. Hasira yake haikujua pa kutua. Kitambaa hakikuwa na kosa, mwenye ukumbi hakuwa na kosa, na gari alilipenda.

Nyumbani hakusema. Lakini siku ya mama mkwe kutolewa mtoto wa jicho ilipofika, hakukuwa na namna ya kuficha. Mkewe alikuwa amebadilishana zamu wiki nzima ili apate siku hiyo. Alitoka na mama yake, begi na chupa ya chai, akafungua mlango wa nyuma, akakuta bati.

"Kiti kiko wapi?"

"Stoo. Nilikuwa nikirudishe jana, boliti moja ikakataa."

"Mimi nakaa wapi?"

Pazia akalitazama bati. Mkewe akampa begi. "Basi mpeleke mama, mimi nitafuata na teksi."

Wakamwinamisha bibi kiti cha mbele. Aliingia vizuri mpaka kiunoni. Halafu zile mbavu za kiti zikamshika, makalio yakazama, magoti yakapanda juu kuliko kifua. Hakuweza kwenda mbele wala kurudi. Pazia akavuta mkono mmoja, mkewe mwingine. Muuza duka wa jirani akaja, akasukuma kwa nyuma huku anaomba radhi. Viatu vya bibi vikabaki ndani. Alipochomoka, alisimama barabarani peku, akajifunga upya kanga yake, akasema kwa upole, "Niitieni hiyo teksi."

Waliondoka wote wawili kwa teksi. Pazia alibaki na viatu mkononi.

Jioni mkewe alirudi, akamlaza mama yake na bandeji jichoni, akaja kusimama mlango wa chumba cha kushonea.

"Sikukatazi kucheza," alisema. "Kila mtu ana ugonjwa wake. Ila niambie kitu kimoja. Hili gari ni letu au ni lako?"

"Ni letu."

"Basi mbona hakuna hata mmoja wetu anayeingia?"

Akaapa kulirudisha lilivyokuwa. Alikwenda stoo kutoa kiti, akakuta panya wamekila sponji, wamezalia humo, na mikanda imetafunwa mpaka kwenye chuma. Alikirusha chini, akakirusha tena.

Kwa kuwa kurudi nyuma kumeshindikana, akaenda mbele. Jumapili ya mwezi huo aliingia uwanjani na gari lililokamilika: jepesi, gumu, limeshika chini. Akajiambia leo saa itasema. Saa ikasema. Alitumia muda mrefu kuliko siku ile ya kwanza alipokuja na kofia ya kuazima. Akazunguka tena, akazidi kuchelewa. Alikanyaga kwa hasira, akakata kona kwa hasira, na kila alipozidisha hasira gari lilizidi kubishana naye, pua ikienda kushoto yeye akitaka kulia.

Halafu mkaguzi akamwita pembeni. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye tochi na kigodoro cha kulalia chini ya magari. Alilala, akagonga hapa na pale kwa bisibisi, na ghafla bisibisi ikapotea. Ikatokezea ndani, kando ya kiti.

"Sakafu yako imeoza," alisema akiinuka. "Kutu imekula chini ya zulia zamani, wewe ukatoa zulia hukutazama. Kiti umekifunga kwenye biskuti."

"Lakini kimeshika. Kitikise."

"Kimeshika leo. Siku gari likipinduka utatoka nacho."

"Nimebadilisha breki, springi, matairi, kila kitu!"

"Naona," mkaguzi akasema, na hakuwa anamcheka. "Vitu vizuri. Gari ndilo bovu. Leo huzunguki tena."

Pazia alibishana mpaka koo likakauka. Mwisho akakaa kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, akawatazama wengine wakipita, wakiwemo wenye magari mabovu kuliko lake kwa sura. Alitamani alie akashindwa.

Fundi Kimya alikata sakafu nzima akachomelea bati jipya. Ilichukua muda mrefu, na muda huo Pazia alitundika mapazia kwa kukodi pikapu ya jirani, fimbo zote zikitosha, kitambaa kikifika safi, yeye mwenyewe akifika mkavu. Ilimkera jinsi kazi ilivyokuwa rahisi bila gari lake.

Ndipo akakaa na mkewe mezani na kusema kweli: lile gari halitarudi kuwa la nyumbani. Ameliharibu kwa nyumbani na hajalitengeneza kwa uwanja. Pikapu ataikodi kwa siku za kazi, na watu watapanda teksi.

Mkewe alimenya chungwa lote kabla ya kujibu. "Sawa. Angalau sasa najua. Nilikuwa naona aibu kusema tuna gari. Hatuna."

Mkewe hakuwa amemsamehe, wala Pazia hakuwa ameomba msamaha. Mama mkwe, ambaye bandeji ilikuwa imeshatoka, alikwenda kulizunguka gari uani kwa mara ya kwanza akiliona vizuri, akasema, "Kumbe ni la bluu. Miaka yote nikidhani la kijivu," akarudi ndani ya nyumba.

Jumapili aliyorudi, mkaguzi alilala chini, akagonga, akainuka, akampigapiga begani. Pazia akaingia njiani. Karibu na mnara wa maji kuna kona ndefu ya kushoto ambayo tangu mwanzo ilikuwa ikimshinda: akichelewa kufunga breki anapitiliza, akiwahi anasinzia. Safari hii, labda kwa kuchoka, hakulilazimisha gari. Aliachia breki polepole, gari likainamisha pua, likajikunja lenyewe kuelekea ndani, matairi yakiimba chini chini, na usukani ukawa mwepesi mkononi kama kitambaa. Alitoka kwenye kona ile akiwa ameacha kupumua. Ndiyo, alijisemea. Ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Mzunguko uliofuata alijaribu kuirudia, akaharibu. Akajaribu tena. Alipoingiza gia ya tatu, kitu kikalia chini ya miguu yake kama sufuria lililodondoka ngazini, na tangu hapo gia hazikuingia, hata moja. Gari likateleza hadi pembeni kwa ukimya wa kuudhi. Saa haikuwa imeandika ile kona moja. Iliandika mzunguko mzima, na mzunguko mzima ulikuwa wa kawaida tu. Aliwauliza waliosimama karibu na mnara kama waliona. Walikuwa wanakula.

Fundi Kimya alikuja na gari lake la kuvuta magari mabovu, na kamba. Akachungulia chini, akafuta mikono.

"Giaboksi."

"Najua."

Akaifunga kamba. "Ila ilikuwaje? Ukiacha hiyo."

Pazia akafungua mdomo amweleze ile kona, mikono ikachora hewani, ikashuka. "Ilikuwa nzuri," akasema. "Mara moja."

Fundi akaitikia kwa kichwa kana kwamba hilo lilitosha, akapanda.

Walikuwa nusu ya njia kuingia mjini, Pazia akishika usukani wa gari mfu na kukodolea macho kamba isilegee, simu ilipoita. Akaiweka kwenye spika.

"Uko wapi?" mkewe akauliza. "Watoto wana njaa na mama anakuulizia."

"Njiani. Navutwa."

"Unavutwa na nini tena wewe?"

"Na Fundi Kimya. Kwa kamba."

Halafu akasikia sauti ambayo hakuwa ameisikia ndani ya nyumba ile kwa miezi mingi: mkewe anacheka, kicheko kilichomshinda, akimsimulia mama yake huku simu ikiwa bado hewani, na bibi naye akidakia kwa nyuma. Pazia hakuona cha kuchekesha. Alikuwa na njaa, mgongo unauma, na tayari alikuwa anawaza giaboksi itafunguliwa kuanzia wapi.

"Mtachekea huko," akasema. "Niwekeeni chakula."