Pareto ya Bunju

Kila jua lilipoanza kupoa, Tupokigwe aliinama juu ya ndoo ya rangi iliyotobolewa chini, akaugusa udongo kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto. Kwao Uporoto milimani, katika mashamba ya pareto, alikuwa akifanya hivyo asubuhi, jalidi ikiwa bado nyeupe juu ya majani. Huko alisema, "Una baridi," akaendelea na kazi ameridhika. Huku Bunju, pwani, alisema, "Una joto." Neno lilibadilika, tabia ikabaki.

Aliyemleta Bunju ni binti yake Vaileth, mwalimu wa sekondari, mjane mwenye miaka arobaini na mitatu. Magoti ya mama yalikuwa yamevimba, presha inapanda. Rogers, kaka yake Vaileth anayeishi Sinza, alisema kwenye simu kwamba mama hawezi kuachwa peke yake kwenye baridi ile. Alisema vizuri sana. Kisha akarudi kwenye shughuli zake, na mama akabaki kwa Vaileth, katika chumba cha nyuma chenye feni isiyozimwa.

Alikuja na miche mitano ya pareto, mizizi imeviringwa katika khanga iliyoloweshwa. Minne ilikufa kabla ya mwezi kwisha. Wa tano ulinenepa, ukajaa majani ya kijivu yaliyochanikachanika kama manyoya ya kifaranga, lakini ua halikutokea. Pareto haichanui bila baridi ya usiku, na Tupokigwe alilijua hilo kuliko bwana shamba yeyote. Pasaka, Rogers alipokuja kula pilau, mama aliweka masharti yake.

"Mche huu ukichanua kabla ya mwezi wa nane kwisha, na mimi nitakaa. Usipochanua, mnirudishe kwangu."

Rogers alicheka. "Mama, sasa majani ndiyo yatuamulie?"

"Afadhali majani. Nyie mliniuliza?"

Vaileth aliondoa sahani.

Jambo lililomchosha Vaileth kuliko yote ni kwamba mama hakutaka kushinda kwa ujanja. Angeweza kuuacha mche ukae majani matupu mpaka siku zipite. Badala yake aliuhurumia. Aliufunika na gunia wakati wa jua, na kila jioni alitaka barafu ya kuzungushia ndoo, ili mche upate angalau kitu kinachofanana na usiku wa kwao. Mama hakuweza kutembea mpaka dukani, kwa hiyo Vaileth, akitoka kusimama darasani kutwa nzima, alipitia kwa Mwinshehe mwenye duka na kurudi na mifuko miwili inayovuja kwenye sketi.

Siku moja Mwinshehe aliileta mwenyewe.

"Shikamoo bibi. Hayo maua yana harusi? Barafu kila siku!"

"Marahaba, mume wangu. Hayana harusi, yanaumwa."

"Basi yapone upesi. Wateja wangu wanakunywa soda za moto kwa ajili yako."

Tupokigwe alicheka mpaka akashika ukuta. Vaileth aliyaona hayo kutoka dirishani na hakuweza kucheka. Kichwani alikuwa na vidonge vya jioni, mboga isiyo na chumvi, madaftari sitini, na swali ambalo lingemngoja kesho kabla hajanawa uso: "Vai, umechungulia?" Kila asubuhi alichungulia. Kila asubuhi alijibu, "Bado, mama," na kila asubuhi alihisi kama ni yeye aliyekataa kuchanua.

Mwezi wa saba alimpigia Sekela, mtoto wa mjomba wake, anayelima pareto hukohuko Uporoto.

"Nitumie mche wenye maua. Mmoja tu."

"Dada, unataka kumdanganya shangazi?"

"Nataka asiniulize tena."

Boksi lilifika na basi. Jumapili, mama alipopewa lifti kwenda kanisani, Vaileth aling'oa mche wa zamani, akautupa nyuma ya tangi la maji, akapanda mgeni. Ulikuwa na ua moja lililofunguka, jeupe lenye kitovu cha njano, na vitumba viwili. Juu akamwaga mchanga wa Bunju, kisha akanawa mikono kwa muda mrefu.

Mama aliporudi alisimama mbele ya ndoo na nguo zake za kanisani. Alilitazama ua hata Vaileth akaanza kutumaini. Kisha akauelekeza mkono kwenye udongo, lakini haukufika. Ulisimama katikati ya majani, vidole vikafuata vikonyo vitatu vilivyosimama bila vichwa vya maua.

"Vai," alisema taratibu, "mie nimechuma lini hapa?"

Vaileth akasogea, akaviona vikonyo.

"Ni Sekela," mama akasema, na sauti yake ilikuwa karibu na kicheko. "Huyo hawezi kupita penye kichwa kilichokomaa asikichume. Hata kama anatuma zawadi. Wangu umeutupa wapi?"

Vaileth alionyesha nyuma ya tangi. Mama alikwenda mwenyewe, akishika ukuta, akarudi na mche ulionyauka, akauchimbia shimo ndani ya ndoo ileile, kando ya mwenzake. Hakulaumu. Hakutaja masharti. Jioni aliugusa udongo kama kawaida. Lakini asubuhi iliyofuata hakuuliza kitu, na Vaileth, aliyekuwa amelitamani sana swali hilo liishe, alikaa ukingoni mwa kitanda akilingoja.

Mchana alimpigia Rogers. "Namrudisha mama."

"Na ishu ya presha?"

"Vidonge vinamezwa hata kwenye baridi. Sekela atahamia kwake. Nimeshaongea naye."

Mwezi wa nane haukuwa umefika. Alfajiri ya safari, katika stendi ya Mbezi, Vaileth alimpandisha mama kwenye basi, akamfunga sweta vifungo vyote ingawa joto lilikuwa tayari limeanza. Mama alikitoa kitambaa chake, akampangusa binti yake jasho la paji la uso. Kisha akageuza mkono, akauweka mgongo wa kiganja pale pale, akauacha kidogo.

"Ndaga, mwanangu," alimshukuru kwa lugha ya kwao. "Siku nyingine ukichoka, sema. Usilete maua."