Karibu ya Mara Moja

Nabawiya alishuka stesheni ya Giza na kapu kichwani, na mwanawe Rifai akamcheka kabla hata ya kumbusu mkono.

"Mama, umebeba kijiji kizima?"

"Njiwa tu, na mikate ya jua niliyoiumua juani mwenyewe. Mkeo anakulisha mikate ya mashine, ndiyo maana shingo imebaki mifupa mitupu."

Chini ya mikate yalikuwamo mengine asiyoyataja: magauni yake yote na sanda aliyojinunulia. Hakuja kutembea, alikuja kukaa. Bata wake alikwisha kumgawia jirani. Tangu siku ile ya baridi alipoanguka kando ya tanuri, mguu ukamkatalia, akalala uani usiku kucha mpaka jirani alipokuja kuomba chachu, Nabawiya alikuwa na hofu. Si hofu ya kufa. Aliogopa kufa bila mtu wa kumfumba macho. Watoto hakuwaambia. Mwanamke wa Saidi, kule kusini mwa Misri, haombi pa kulala kwa wanawe, hata kama nyumba inamwangukia. Hungoja aambiwe.

Na siku yenyewe ilikuwa nzuri, nisimdhulumu mtu. Ghada, mke wa Rifai, mtoto wa Kairo huyo, alimpokea kwa mikono miwili na kuwatafuna wale njiwa mpaka akalamba vidole. Atiyat, binti yake, alitoka kwake Shubra akaja na kicheko chake kilekile cha utotoni. Alasiri wote wakaenda kukaa ukingoni mwa Nile, wakinunua dengu za chumvi na kutema maganda chini, na Atiyat akaanza kumwigiza marehemu baba yao alivyokuwa akikaribisha wageni.

"'Kaa ule!' Mgeni anasema hapana, nimeshiba. 'Wallahi utakula!' Hapana, asante. Basi baba anasimama: 'Mke wangu kaachika usipokula!' Hapo ndipo mgeni ananawa mikono."

"Nimeachika mara ngapi mie kwa ajili ya bata wa kukaanga," Nabawiya akasema. Ghada alicheka mpaka akapaliwa.

Kicheko kile kilimtia moyo. Atiyat alipopanda basi kurudi kwake, yeye alirudi kwa Rifai akijisemea kwamba leo ndiyo leo.

Wakakaa kunywa chai. Treni ya kurudi ilikuwa bado kidogo. Rifai akakohoa, akakitazama kikombe chake.

"Mama, kwa nini usikae na sisi? Ya nini kuishi peke yako kule?"

Roho ilimruka kwa furaha. Lakini mdomo wake umelelewa Saidi, na ulijibu wenyewe kabla hajauzuia.

"Hapana, mwanangu, nisije nikawabana. Na bata wangu nani atawalisha?"

Akainamisha macho, akangoja. Jamani, kwao hilo si kukataa! Huko ni kusafisha koo tu. Anayekubali mara ya kwanza hana haya, ataonekana alikuja na njaa yake. Mwenyeji huapa, nawe unakataa tena. Huapa kiapo kizito zaidi, ndipo unapolegea na kusema basi, kwa ajili yenu. Rifai aliyajua hayo. Kalelewa humo humo, na kiapo cha babake alikuwa ametoka kukisikia alasiri ile ile.

Rifai alimtazama mkewe. Ghada alikuwa akipuliza chai yake.

"Haya, mama. Utakavyo wewe. Hatukulazimishi."

Nabawiya akangoja bado. Pengine anavuta pumzi aape. Alimwona kweli akivuta pumzi, kisha akaishusha yote, na mabega yakalegea. Maneno alikuwa nayo: nilianguka, mwanangu, nililala uani. Angeyatoaje sasa, baada ya kusema hapana?

Rifai alikwisha kushika simu.

"Atiyat? Nimemwambia mama akae, kakataa mwenyewe. Kesho usije ukasema sikumwambia. Shika, msikie." Akamwekea mama yake simu sikioni.

"Mama, kweli umekataa?"

Labda huyu. Labda huyu ndiye atakayeapa, aseme basi njoo kwangu, wallahi utakuja.

"Nimekataa, mwanangu," Nabawiya akasema polepole, na kumwachia nafasi.

Upande wa pili binti yake akapumua. Pumzi ile Nabawiya aliitambua. Ndiyo ile aliyotoka kuiona kwa Rifai, ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mwenyewe kabisa, mama? Hakuna aliyekuudhi?"

"Mwenyewe kabisa. Nani aniudhi?"

"Umesikia?" Rifai akamwambia dada yake akiichukua simu, akaenda kuvaa viatu ampeleke stesheni.