Jenerali wa Pale Ukutani

Mimi ni mwalimu wa historia Oyugis, na aibu hii nilijitafutia mwenyewe. Sebuleni nimetundika picha ya jenerali Mwingereza wa karne ya kumi na tisa, ambaye habari zake nazifundisha darasani. Fotokopi ilimtia weusi mpaka akafanana na babu zetu.

Mama mkwe alikuja kumwona mjukuu, akamkuta analia bila kunyamaza. Kwetu mtoto wa hivyo anadai jina la marehemu; tunataja majina, na atakalonyamazia ndilo lake.

"Ni babu yako pale ukutani anayemliza," akaniambia. "Alifanya kazi gani?"

Nikaona haya kumkosoa mkwe. "Alipigana India, akapanda cheo, akastaafu akiwa jenerali."

"Basi nyamaza, Jenerali," akambembeleza. Mtoto akalala.

"Na jina la babu la nyumbani?" akaniuliza.

"Mama, huyo ni Mwingereza."

Akamtazama mtoto aliyelala kifuani pake. "Mwambie wewe akiamka," akanong'ona.